Nilivyoikagua Dohani Shangazi Akiwa Kwenye Eda

Jamani, mie nilikuwa nimeshaamua kisa hiki nikifiche mpaka nizikwe nacho, lakini nitakificha vipi wakati nusu ya mtaa wetu wa Madungu walikuwepo na nusu nyengine wamehadithiwa, na kila nikipita barazani watu wananyamaza kwanza ndipo wananisalimu? Basi bora mkisikie kwangu mwenyewe, maana huko nje kimeshaongezwa chumvi, wapo wanaosema nyumba iliungua (haikuungua), wapo wanaosema nilikuwa nimelewa (astaghfirullah, mie hata soda kali inanipa kiungulia). Ukweli ni kwamba nilikuwa na akili zangu timamu, na hilo ndilo linaloniuma.

Mie ni Kombo, nina duka la vifaa vya ujenzi pale Chake, nauza saruji, rangi, misumari, mabati, na mtu akiuza saruji miaka mingi huanza kujiona injinia. Mteja akija kununua mifuko yake, mie namuuliza nyumba iko wapi, msingi kina gani, halafu namshauri, na wapo masikini waliokuwa wakinisikiliza. Kunilea kanilea Shangazi yangu, Bi Time, dada wa baba. Mama alifariki nikiwa nanyonya, Shangazi akanichukua, akanikuza katika nyumba ya mumewe Mzee Shaame hapo Madungu, na yeye mwenyewe hakujaaliwa mtoto, kwa hiyo kama nina mama duniani basi ni yeye.

Mzee Shaame akafariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na Shangazi akakaa eda ndani ya nyumba ileile. Sasa mzee alikuwa na watoto wa mke wake wa mwanzo, mkubwa wao Mkasi, ameolewa Mtambile, mwanamke wa maneno machache na macho makali, na Mkasi akasema eda ikimalizika mama (anamwita mama, na kwa kweli anampenda, sina la kumsingizia) atakwenda kukaa naye Mtambile, kwa sababu nyumba hii kongwe, itakuja kumwangukia. Shangazi hataki. Alinishika mkono akanambia, "Kombo, mie nimeingia nyumba hino msichana, kila kitu changu kimo humu, wakinitoa humu wameniua." Basi nikamwambia Shangazi lala usingizi, hakuna wa kukutoa nyumba hii maadamu mie nipo hai. Kumbukeni nilisema hivyo.

Tukakaa kikao cha familia, mie nikasema nyumba nitaikarabati mwenyewe kwa vifaa vya duka langu, plasta mpya, paa jipya, umeme mpya. Mkasi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na dohani je?"

Niwaeleze hiyo dohani, maana si nyumba nyingi kwetu zina kitu hicho. Nyumba ile ilijengwa na tajiri mmoja wa zamani, kwa mawe na chokaa, na jikoni kwake akajengesha meko makubwa ya mawe, mtu mzima anaweza kuinama akaingia, na juu ya meko likapanda bomba la mawe la kutolea moshi, linapita nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala, linatoboa paa, linasimama juu huko refu. Hakuna aliyelitumia tangu mie mdogo, Shangazi anapikia gesi na mkaa. Na kule juu limeinama kidogo. Kidogo tu, lakini ukisimama barabarani ukaliangalia unalazimika kuinamisha kichwa na weye. Mkasi akasema lile likianguka linaangukia kitandani kwa mama, na ni kweli.

Ikakubaliwa hivi: ikionekana dohani ni nzima, nyumba itengenezwe na Bi Time abaki, na ikionekana mbovu, aende Mtambile na nyumba ivunjwe. Mkasi na mumewe watakuja Ijumaa baada ya sala, waangalie kwa macho yao.

Nikamfuata fundi wetu, Fundi Bakari, nikamwambia twende ukaikague. Akacheka. "Yakhe Kombo, weye hujui mama yuko kwenye eda? Mie niingie chumbani kwake nikagongegonge ukuta, kisha nipande juu ya paa nimchungulie? Ngojeni amalize." Na alisema haki, maana mwanamke wa eda haingiliwi na wanaume wa kando, na ukipanda juu ya paa lile unaona ndani kote. Ningempigia simu Mkasi tu nikamwambia tungojee eda iishe, angekubali, ni jambo la sheria hilo, nani angebisha? Simu moja. Lakini mie nikafikiria, nikimwambia tungojee ataona naogopa, atasema Kombo anajua dohani mbovu ndiyo maana anavuta siku. Na tena, nikajiambia, mie si mtu wa kando, mie ni maharimu yake, mtoto wa kaka yake, naingia ninapotaka, na kuhusu ujenzi nani atanifundisha? Nitaikagua mwenyewe.

Hapo ndipo nilipopotea njia.

Alkhamisi nikaenda na nyundo ndogo na tochi na kioo cha kunyolea ndevu. Shangazi akaniuliza unafanya nini, nikamwambia nakagua, akasema ngoja nimalize eda mwanangu, kuna haraka gani, nikamwambia dakika mbili tu. Nikagonga mawe ya meko moja moja nikisikiliza kama yana uwazi ndani (yote yalilia sawa, au mie ndivyo nilivyotaka yalie), nikakwangua chokaa kwa msumari nione kama inamomonyoka, haikumomonyoka sana, nikaingia ndani ya meko, nikanyanyua kioo na tochi nikaangalia juu. Sikuona mbingu. Giza tupu. Mtu mwenye akili angejiuliza mbona bomba la moshi halioneshi mbingu mchana kweupe, lakini mie nikasema aa, bila shaka lina kona huko kati, wazee walikuwa wajanja. Nikatoka na masizi kichwa kizima, nimefurahi.

Nikaamua kilichobaki ni kuipima kwa moshi. Ukiwasha moto wa moshi mwingi, moshi ukitoka juu peke yake, dohani nzima, haina ufa, na ukitokea kwengine unajua ufa uko wapi unauziba. Na ili niutambue moshi wangu usichanganyike na wa majirani nikachukua gunia la makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, maana moshi wa makonyo hata kipofu anaujua, na juu yake makumbi ya nazi na kuti bichi. Ningeweza kuupima hivyohivyo kimya kimya. Lakini la, mie nikaona raha iwe Mkasi anashuka garini anakuta moshi umesimama wima juu ya paa, hana la kusema. Na asubuhi ile ya Ijumaa, dukani, nikawaambia watu (ndiyo, niliwaambia, nani alinituma?) wakitoka msikitini wasiondoke, wasimame barabarani waangalie paa la Bi Time. Mzee Mbarouk, jirani yetu, akaniuliza kutakuwa na nini, nikamwambia, "Wewe njoo tu utaona kazi ya watu wa zamani."

Kabla ya sala nikapanga kila kitu ndani ya meko. Shangazi yumo chumbani, nikamwambia utasikia harufu kidogo usishtuke, na kwa huruma yangu nikamfungia mlango wa chumba, nikafungia na dirisha, nikakunja kanga kuukuu nikaisokomeza chini ya mlango asije akasumbuliwa na moshi. Kwa huruma yangu, jamani.

Imamu alipotoa salamu tu, mie wa kwanza mlangoni, sikungoja hata dua. Nikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, nikapiga kibiriti. Moto ukashika vizuri, na moshi, wallahi, ukainama kidogo kisha ukavutwa juu ndani ya bomba kama unaitwa, na mie nikasema alhamdulillah kwa sauti. Nikatoka nje kwenda kuangalia. Watu wameshajaa barabarani, vikofia vyeupe vitupu, wote wameinua vichwa, na juu kule dohani imesimama kavu, hakuna hata uzi wa moshi.

"Kombo, mbona hatuoni kitu?" akauliza Mzee Mbarouk.

"Subirini, ndefu ile."

Wakasubiri. Mie nikasubiri. Kikohozi kimoja huku, kicheko kimoja kule, mtu akasema labda moshi umekwenda kupanda gari. Nikasikia joto masikioni. Nikajiambia moto mdogo huo, dohani baridi, haijatumika miaka, inataka kushtuliwa. Nikarudi ndani nikachukua gunia lote la makonyo nikalimimina, na kuti bichi zima juu yake.

Sijui niwaeleze vipi kilichofuata. Bomba likakohoa. Kweli, kama mzee. Kisha moshi wote uliokuwa umepanda ukarudi, mzito, wa rangi ya udongo, ukanipiga usoni, na masizi ya zamani yakaporomoka kwa kishindo juu ya moto, jikoni pakawa usiku. Nikachukua ndoo ya maji nikaumwagia moto. Msiumwagie maji moto wa namna ile. Mvuke na majivu vikaruka mpaka dari, nikawa sioni mkono wangu, na huko nje nikasikia sauti ya Mzee Mbarouk, "Moto! Moto! Nyumba ya Bi Time inaungua!" kwa sababu kumbe moshi ulikuwa unatoka chini ya mabati, pembe zote za paa, kila mahali isipokuwa pale nilipowaambia waangalie.

Nikasema dohani bado nzima, huu ni moshi wa jikoni tu. Ndiyo, katika hali ile bado nilikuwa naitetea. Mpaka nikasikia kikohozi chumbani kwa Shangazi.

Nikapapasa ukuta mpaka mlangoni, nikaitoa ile kanga, nikafungua, na moshi uliotoka chumbani ulikuwa mzito kuliko wa jikoni. Umeingilia ukutani, umejaa, na mie nimemfungia dirisha na mlango. Nikamkuta amekaa chini juu ya mkeka, kitambaa puani, macho yanachuruzika.

"Shangazi, inuka twende n'nje!"

"N'nje wapi?"

"N'nje! Utakufa humu!"

"Kombo, nasikia sauti za wanaume," akasema, na akakohoa mpaka nikadhani roho inatoka. "Nitoke hivi mbele ya wanaume, mie mjane, hata mume wangu hajapoa? Mie sitotoka."

Nikamwambia tupite nyuma, akanikumbusha kwamba ukuta wa ua ulianguka wakati wa masika, na nyuma ya nyumba sasa ni njia ya watu wanaotoka msikitini. Nikamwambia vaa buibui, akasema limo sandukuni, na sanduku hatulioni, wala kitanda hatukioni. Nikataka kufungua dirisha, akalia, "Usifungue, wamo dirishani!" na kweli walikuwepo, wanaligonga, "Kombo! Tuingie?"

"Asiingie mtu!" akapiga kelele Shangazi. "Kombo, wambie asiingie mtu kwangu!"

Nikapiga kelele na mie, "Msiingie! Ana eda! Msiingie!" na huku moshi unanijaa kooni. Yaani fikirieni, nje kuna watu wazima na ndoo za maji, wanaume wenye nguvu, wako tayari kutuokoa, na mie mlangoni nawazuia kwa sauti, na ndani Shangazi yangu anakufa taratibu kwa stara yake, na kila mmoja ana haki yake isipokuwa mie. Nikamwomba, nikampigia magoti, nikalia. Akanambia neno moja ambalo bado nalisikia nikilala. "Niache nife nimo kwa mume wangu, Kombo, lakini usinivunjie heshima."

Kisha akalegea. Hakuzimia, alilegea tu, akaegemea ukuta, na mie nikaona hapa si pa kuulizana tena. Ule mkeka aliokalia ulikuwa mkubwa, wa ukili mzuri, nikaunyoosha, nikamlaza juu yake na kanga zake, nikaukunja akawa ndani wote, kichwa mpaka miguu, asionekane hata ukucha, nikambeba begani. Nikaona nimepata ufumbuzi. Hata kidogo nikajisifu, kwamba nimemtoa na stara yake sikuivunja.

Nikatoka mlango wa mbele.

Kelele zote zikakatika. Watu waliona nini? Wanamwona Kombo, mweusi wa masizi, machozi yanapita njia mbili mashavuni, anatoka nyumba ya msiba amebeba mtu amekunjwa mkekani. Mzee Mbarouk akavua kofia yake akaivaa tena, akasema kwa sauti ya chini, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na barabara nzima ikaitikia.

Nilitaka kusema hajafa. Wallahi nilifungua kinywa kusema hajafa, lakini sauti haikutoka, kooni nimejaa majivu, ikatoka "haa, haa" tu, na watu wakadhani ni kilio, mmoja akanikumbatia, "Subira Kombo, subira ndugu yangu." Na sisi mnatujua. Maiti hapitishwi mbele ya Waislamu wote wale waliotoka sala ya Ijumaa akabebwa na mtu mmoja. Mkono wa kwanza ukaja, ukampokea. Wa pili ukaja. Wa tatu. Kila mtu anataka thawabu yake, wanapokezana bega kwa bega, wa mbele anarudi nyuma, wa nyuma anakwenda mbele, "la ilaha illallah" imeshapanda, na Shangazi yangu, aliyekataa kuonekana na wanaume hata kwa kufa, anapita katika mikono ya wanaume wote wa Madungu kuelekea msikitini. Mie niko nyuma nawavuta kanzu, nakohoa, natapika majivu, napunga mikono, na wanaume wawili wananishika nisijiumize kwa majonzi.

Walifika karibu na nyumba ya Bi Fatma, mlango wa tatu kutoka pale, ndipo mkeka ulipokohoa.

Mwanzo waliokuwa mbele hawakusikia. Waliokuwa chini yake ndio waliosimama, nyuso zimewabadilika. Ukakohoa tena. Kisha Shangazi akasema kutoka ndani, sauti kavu lakini kila mtu aliisikia:

"Nishusheni. Mie nina eda."

Wako waliokimbia, na sitowataja. Mzee Mbarouk hakukimbia, lakini alikaa chini palepale barabarani kama aliyekatwa miguu. Waliombeba walimweka chini wakatawanyika wakigeuza nyuso, na Bi Fatma akatoka na shuka, akamfunika, akamwingiza kwake, mlango ukafungwa. Nikabaki mie barabarani na ndala moja.

Na kama hayo hayatoshi, kuna mtu (mpaka leo hajajitaja) alishampigia simu Mkasi njiani akampa habari ya kifo. Gari yao ikaja mbio, Mkasi akashuka kabla haijasimama, analia kilio ambacho sikumsikia akilia hata alipokufa baba yake, "Mama! Mama yangu!" na ikabidi mie, kwa sauti yangu ile ya majivu, nimwambie mama yako mzima, yupo kwa Bi Fatma, ilikuwa moshi tu, nilikuwa naikagua dohani. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ule mguu usio na ndala. Akanipita kwenda kwa Bi Fatma. Angenitukana ningeshukuru.

Shehe akaitwa, akasimama nje ya mlango akazungumza naye kwa pazia, akamwambia Bi Time huna dhambi, ilikuwa dharura, eda yako haikuharibika, na nyumba kwa kuwa si salama una ruhusa uhamie penye amani uimalizie huko. Akamjibu, "Ahsante Shehe, Mungu akulipe." Nikafurahi kusikia vile, nikadhani yamekwisha. Nikaingia kumwona. Alikuwa amekaa pembeni, ameelekea ukutani, Bi Fatma anamfuta masizi shingoni. Nikamwomba radhi, akasema hapana neno, weye mwanangu, umeniokoa. Kisha akaniuliza bila ya kugeuka:

"Kombo, walionibeba walikuwa kina nani?"

Niliwajua wote, jina kwa jina. Nikamwambia sikuwaona kwa moshi.

"Haya," akasema.

Alasiri ileile akaenda Mtambile na Mkasi, kiti cha nyuma, mapazia ya kanga kwenye vioo. Mie nilisimama barabarani nikiwaza nilivyomwambia Shangazi lala usingizi.

Sasa sikieni lililonimaliza kabisa. Nyumba imebaki tupu, haina mjane wala nani, kwa hiyo Fundi Bakari akaingia kwa raha zake, akapanda paa. Kule juu akakuta mdomo wa dohani umefunikwa bati, juu ya bati mawe, kazi ya Mzee Shaame mwenyewe, kwa kuzuia mvua isiingie. Ndiyo maana sikuiona mbingu. Na chumbani, nyuma ya kabati, palikuwa na tundu la boriti ya zamani lililozibwa kwa magazeti na plasta nyembamba, moshi ulipokosa pa kutokea juu ukasukuma magazeti ukaingia. Basi. Hayo mawili tu. Mawe mazima, chokaa nzima, na ule mwinamo ulikuwepo tangu siku ya kujengwa, fundi alipima kwa timazi akasema itasimama mpaka wajukuu zetu. Ningengoja eda iishe, Fundi angekagua kwa nusu saa na Shangazi angekuwa kwake mpaka leo. Mkasi mwenyewe alipoambiwa hakubisha, akasema kama ni nzima basi ni nzima, mama akitaka kurudi arudi.

Nikaitengeneza nyumba. Niliitengeneza kwa hasira na kwa machozi, chokaa mpya, mabati mapya, ukuta wa ua nikaunyanyua juu kuliko wa jela. Eda ilipomalizika nikaenda Mtambile na gari nzuri kumchukua. Alivaa buibui jipya, alifurahi, njia nzima ananiuliza mtini wake wa uani umekuwaje, nani anakaa mkabala siku hizi. Tukaingia Madungu. Barazani pamekaa wanaume kama kawaida yao, wameona gari, wamejua nani yumo, na kwa heshima, wallahi kwa heshima tu, wakasimama wote, na Mzee Mbarouk akaweka mkono kifuani akasema, "Karibu nyumbani Bi Time."

Akawatazama mmoja mmoja. Mikono yao, hakuangalia nyuso.

"Kombo," akasema, "geuza gari."

Nikamwambia Shangazi tumeshafika, mlango ule pale. Akasema najua, nauona, umependeza, geuza gari mwanangu. Nikageuza.

Tangu siku ile nimeapa sitokagua kitu cha mtu kwa ajili ya kumshinda mtu mwengine, maana nikijichunguza sana, siku ile ya Ijumaa nilikuwa sifikirii Shangazi atalala wapi, nilikuwa nafikiria Mkasi atatia uso gani akishuka garini. Kila wiki nakwenda Mtambile, ananipikia, ananiuliza duka, ananicheka nilivyonenepa, na nikigusia habari ya kurudi anainuka kwenda kuangalia chungu.

Juzi Mkasi kanipigia. Anasema kuna watu wageni wanataka kuipanga nyumba ya Madungu, wameipenda, wanapenda kupikia kuni, wanauliza ile dohani inafanya kazi. Nikamwambia inafanya kazi vizuri, waambie haina hata ufa. Nikakata simu, nikafunga duka mchana kweupe, nikakaa juu ya mifuko ya saruji nikalia.